Kilio Kilichoombwa na Mfalme

Husimuliwa mara nyingi kwamba Wafaransa waliwaka kwa sababu ya neno moja la malkia wao. Marie Antoinette aliambiwa kuwa watu hawana mkate, naye akajibu kwamba basi na wale keki. Kisa ni kitamu lakini hakina msingi. Rousseau alikiandika katika Confessions akimhusisha binti mfalme ambaye hakumtaja jina, wakati Marie Antoinette alipokuwa angali mtoto kwao Austria.

Wala njaa peke yake haitoshi kuwa jawabu. Ufaransa iliwahi kuona njaa kubwa zaidi. Katika baridi kali ya 1709 na miezi iliyofuata walikufa watu kwa mamia ya maelfu, na Louis wa 14 hakuondoshwa. Aliaga dunia mwaka 1715 akiwa bado mfalme. Basi mwaka 1789 ulikuwa na nini ambacho 1709 haukuwa nacho? Mwaka 1789 mfalme aliwauliza raia zake wanaumwa wapi.

Hakuuliza kwa mapenzi. Hazina ilikuwa imekauka. Louis wa 16 alijiingiza katika vita vya Amerika mwaka 1778 ili awakomoe Waingereza, na vita hivyo akaviendesha kwa mikopo. Ilipofika 1788, takriban nusu ya matumizi ya dola ilikwenda kuhudumia madeni. Waziri wake Calonne alimweleza kwamba haifai tena kuwatwisha wale wale wanaolipa. Sharti walipe na wasiolipa. Makabaila walikuwa wamesamehewa kodi ya taille, iliyomlemea mkulima, na kanisa lilitoa kile lilichoamua lenyewe kukitoa. Wakubwa hao walikusanywa mwaka 1787 ili waridhie kodi mpya, wakakataa. Baadaye hoja ikawa kwamba jambo kama hilo haliamuliwi ila na Baraza Kuu la Matabaka, baraza ambalo halikuwahi kukutana tangu 1614. Kwa hivyo mlango uliopitisha mapinduzi ulisukumwa kwanza na makabaila wenyewe, wakidhani watakaoingia ni wao tu.

Mapema mwaka 1789 kila parokia iliamriwa ikutane, ichague wajumbe, na iandike daftari lake. Wao waliyaita madaftari ya doléances, neno lenye asili ya Kilatini iliyo na maana ya kuumwa. Mfasiri akiandika “malalamiko” huwa amelipunguza makali. “Kilio” hulikaribia zaidi. Yaliandikwa madaftari kwa makumi ya maelfu. Mkulima asiyejua herufi alisimama mbele ya kasisi au mwanasheria wa mahali pake akasema, na kalamu ikamfuata.

Akasema nini? Alisema chumvi. Msomaji aliyezaliwa pwani, aonaye chumvi ikiganda yenyewe juu ya mawe maji yakipwa, huenda akaona ajabu. Katika majimbo mengi ya kaskazini, kila mtu aliyezidi umri wa miaka minane alilazimishwa na sheria kununua kipimo maalumu cha chumvi ya mfalme kila mwaka, aitake asiitake, ilhali katika Bretagne, jimbo lililosamehewa kodi hiyo, chumvi ile ile iliuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei. Aliyeivusha mpaka kwa magendo alifanywa mhalifu, na walinzi wa kodi waliingia majumbani kupekua. Alisema pia njiwa. Kabaila alifuga njiwa wake kwa mamia, wakashuka wakala mbegu zilizokwisha pandwa, na mwenye shamba hakuwa na ruhusa ya kuwaua. Hata sungura wa kabaila alikuwa na haki kuliko shamba la mtu.

Madaftari machache yaliwakumbuka watumwa wa makoloni. Wao wenyewe hawakuulizwa. Kilwa, mwaka 1776, Mfaransa aitwaye Morice alikuwa ameandikiana mkataba na Sultani wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka.

Jambo la kuzingatiwa ni adabu ya madaftari hayo. Mengi humshukuru mfalme na kumwita baba. Hayaombi ufalme uondolewe. Yanaomba kwamba baba asikie. Na aliyekwisha ulizwa hungojea jawabu, jambo ambalo asiyeulizwa halijui.

Jawabu halikuja, ukaja mkate ghali. Mvua ya mawe ya tarehe 13 Julai 1788 ilikuwa imeyapiga mashamba ya ngano, kisha ikafuata baridi iliyogandisha mito na kusimamisha vinu. Mjini Paris mkate wa ratili nne ulifika sou 14 na nusu, na wapo vibarua wengi waliopata sou 20 hadi 30 kwa siku. Baraza lilifunguliwa Versailles tarehe 5 Mei, likakwama papo hapo katika suala la kura: kila mjumbe awe na yake, au kila tabaka moja, ili makasisi na makabaila wawe wawili dhidi ya mmoja? Tarehe 20 Juni wajumbe wa raia waliukuta ukumbi umefungwa. Majeshi yakaletwa karibu na Paris. Tarehe 11 Julai Necker, waziri aliyeaminiwa na watu, akafukuzwa.

Siku tatu baadaye Bastille ikaanguka. Wafungwa waliokuwamo walikuwa saba tu. Watu walifuata baruti. Katika daftari lake Louis aliandika kwamba siku hiyo hakuna kitu, yaani hakupata windo.

Vijijini wakulima walikwenda kwenye makasri kutafuta karatasi. Hati zilizoandikwa haki za mabwana zilitiwa moto, mara nyengine kasri zima likafuata. Mwezi Oktoba wanawake wa Paris walitembea hadi Versailles kudai mkate, wakarudi na mfalme mwenyewe. Hata hapo wengi walitaka abaki. Subira iliwaishia Juni 1791, alipojibadilisha mavazi akatoroka na familia yake usiku, akakamatwa Varennes.

Ufalme ulifutwa Septemba 1792. Tarehe 21 Januari 1793, juu ya jukwaa la kukatiwa kichwa, yule aliyewahi kuwaamuru raia zake waseme alianza kusema nao. Ngoma zikapigwa, na maneno yake mengine hayakusikika.