Goma: Ati "Si Wahame Tu"?

Wakenya wengi tulianza kuisikia Goma mwishoni mwa 2022, wanajeshi wetu walipopelekwa huko na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hivyo kwetu Goma ni vita, basi. Mimi nilitembea huko kabla M23 kuuteka mji Januari 2025, na kitu nilichokiona kwanza ni weusi: kuta nyeusi, barabara nyeusi, hata vumbi ni jeusi. Ni mawe ya volkano. Mji umejengwa kwa kitu kilichoubomoa.

Tarehe 17 Januari 2002 Mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni. Lava yake ni nyepesi, hukimbia kama uji, na siku hiyo ilipita katikati ya mji mpaka ikaingia Ziwa Kivu. Ilifunika sehemu kubwa ya njia ya kurukia ndege, ikabomoa kanisa kuu la Wakatoliki, ikameza maduka na maelfu ya nyumba. Watu zaidi ya 100,000 wakabaki bila makao. Laki kadhaa wakavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda.

Halafu wakarudi. Si baada ya miezi, baada ya siku chache tu, mawe yakiwa bado moto! Mashirika ya misaada yalitaka kuwaweka kambini Rwanda, wakakataa, na wageni wengi wakashangaa. Mimi sishangai. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walimiminika Goma, kipindupindu kikaua maelfu juu ya mawe hayohayo, ambako hata kaburi ni shida kuchimba. Watu wa Goma waliijua kambi vizuri sana. Tena 2002 mji ulikuwa mikononi mwa waasi wa RCD, waliosaidiwa na Rwanda. Sasa wewe ungekaa huko?

Na kuna jambo la kiwanja. Lava ikishafunika mtaa, mpaka wa plot yako uko wapi? Aliyewahi kusimama pale ndiye anaweza kuonyesha. Kwa hivyo watu walisimama, wakavunja mawe kwa nyundo, wakayabeba kwa chukudu, yale magari ya mbao ya kusukuma, wakajenga juu. Mama mmoja muuza makaa aliniambia, "Nyumba ya baba iko hapa chini." Alikuwa ameikalia.

Mlima ulilipuka tena 22 Mei 2021. Lava ikasimama Buhene, pembeni mwa mji. Siku tano baadaye serikali ikaamuru mitaa kumi ihame, laki za watu wakakimbilia Sake na kwingineko, na mnamo Juni wakaanza kurudi. Mitandaoni watu wakauliza: hawa si wahame tu? Swali hili tunawauliza hata wa Mathare kila mafuriko.

Lakini hebu tuulize lingine. Ofisi ya wanasayansi wanaoupima mlima huo iko Goma kwenyewe. Ufadhili wake mkubwa uliisha 2020, wakakaa miezi bila hata pesa ya intaneti ya kupokea vipimo. Jioni ile ya Mei watu waliona mwanga mwekundu angani kabla ya kupata onyo lolote. Muuza makaa alijua anaishi chini ya mlima gani. Waliopaswa kulipia ile intaneti pia walijua.