Siti na Ubishi wa Barazani: Mwimbaji Hupimwa na Nani?

Makala haya yamezaliwa na ubishi. Nilikuwa likizo nyumbani Sudi, mkoa wa Lindi, tumekaa barazani baada ya alasiri huku wavuvi wakishona nyavu zao. Vijana wawili wakaanza kubishana kuhusu Diamond Platnumz na Harmonize. Mmoja akashikilia kwamba Harmonize hana lake: sauti ya Diamond, mikogo ya Diamond, kalelewa Wasafi tangu 2015, na alipotoka 2019 akaondoka na vya watu. Mwenzake akawaka: "We acha! Konde ni wa kwetu huku." Harmonize ni mtu wa Mtwara, na kwa hesabu ya Sudi Mtwara ni kwetu. Mzee mmoja, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza: "Haya, lakini anaimba nini?" Hakuna aliyemjibu. Ubishi ukaendelea mpaka magharibi.

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuudharau ubishi wa namna hii. Tunasema huo ni ushabiki, si uhakiki. Ninakusudia kuonyesha kwamba dharau hiyo inatupotosha. Katika historia ya muziki wa pwani, mashabiki wanapobishana juu ya ubora wa mwimbaji, wanabishana pia kuhusu nani ana haki ya kusikilizwa, na sikio la nani lihesabiwe. Mfano wangu mkuu ni Siti binti Saad.

Mashindano ni ya zamani

Kwanza tuondoe dhana kwamba makundi ya mashabiki yameletwa na simu za mkononi. Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu ngoma na jamii katika Afrika Mashariki, ameonyesha jinsi beni ilivyoenea tangu miaka ya 1890 kutoka pwani mpaka bara, na jinsi Marini na Arinoti walivyoshindana kwa mavazi, vyeo, karamu na nyimbo za kusutana. Watu wa mji walikuwa wakijua nani wa Marini na nani wa Arinoti kama leo wanavyojua nani Simba na nani Yanga. Katika miaka ya 1990 tukaona mambo yale yale kwa TOT na Muungano: mipasho ya Khadija Kopa na Nasma Khamis iligawa nyumba, mke huku, mume kule.

Ushindani huo ulikuwa na kazi yake. Msikilizaji aliyetaka kumtetea mwimbaji wake ilimbidi asikilize kwa makini, akumbuke, alinganishe, atoe sababu. Hiyo, jamani, kama si hatua ya kwanza ya uhakiki ni nini?

Kutoka Mtumwa mpaka Siti

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata 1880, katika familia ya watumwa, na jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Mama yake alifinyanga vyungu, naye akivitembeza kuviuza. Mwaka 1911 alihamia mjini. Taarabu ya wakati ule, ambayo Sultani Barghash anatajwa kuwa ndiye aliyeikaribisha katika jumba lake, ilikuwa ya wakubwa, tena ikiimbwa kwa Kiarabu. Kikundi cha Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa 1905, kilikuwa cha wanaume. Mwanamke wa shamba aliyeuza vyungu hakuwa na kiti pale.

Siti akajifunza, akapata wenzake wa kupiga ala, akaimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 walisafiri mpaka Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Kufikia 1931 inatajwa kwamba santuri za Siti na wenzake zilizouzwa zilifika 72,000 hivi. Kwa pwani ya wakati ule, ambapo gramafoni moja ilisikilizwa na mtaa mzima, idadi ya wasikilizaji ilikuwa kubwa kuliko idadi ya santuri.

Umaarufu ukaleta maneno. Wapinzani wake walimsema kwa nyimbo: eti katoka shamba na nguo moja, hana sura, hana ukoo, kama si sauti angekula nini. Angalia vizuri hoja yao. Hawakusema anaimba vibaya! Sauti waliikubali, walichokataa ni mwenye sauti. Siti naye aliwajibu kwa wimbo, akauhamisha mjadala: sura si kitu, utu ni akili na mwenendo. Na hata hilo jina la "Siti", yaani bibi mwenye heshima, lilikuwa hoja ya wapenzi wake. Kila aliyelitamka alikuwa keshatoa hukumu dhidi ya lile la "Mtumwa".

Mashabiki wa aina mbili

Lakini wapenzi wake wenyewe hawakumpenda kwa sababu moja, na hapa ndipo penye utajiri. Shaaban Robert alimwandikia wasifu ambao wengi wetu tumeusoma. Ninausoma kama utetezi wa shabiki mwenye kalamu: anataka tumheshimu Siti kwa tabia, subira na kipaji, mtu aliyepanda kutoka chini mpaka kuimba mbele ya wafalme. Ni sifa za kweli. Ila zinaupima ukubwa wa Siti kwa kimo cha waliomwalika.

Mwanahistoria Laura Fair aliwahoji wazee wa Ng'ambo, upande ule wa mji wa Unguja walikoishi maskini na wengi wa kizazi cha watumwa, na akasikia sifa nyingine. Maandishi ya nje yalitukuza sauti yake, Kiarabu chake na ikulu alizoingia. Wazee wa Ng'ambo walikumbuka nyimbo zilisema nini. Walikumbuka "Kijiti", wimbo kuhusu mwanamke aliyeuawa: mtuhumiwa akakimbilia bara, na wanawake waliotoa ushahidi wakaadhibiwa wao. Santuri ni dakika chache tu. Haiwezi kueleza kesi nzima. Kisa kilichobaki walikuwa nacho wasikilizaji, wakikijaza barazani kila wimbo ulipopigwa.

Kwa hiyo tunao mashabiki wawili wa mwimbaji mmoja. Wa kwanza anasema: Siti ni mkubwa kwa sababu wakubwa walimsikiliza. Wa pili anasema: Siti ni mkubwa kwa sababu alitusema sisi. Mhakiki aliyeshika karatasi yenye maneno ya wimbo peke yake hawezi kuwaamua, maana nusu ya kazi haikuandikwa kwenye karatasi hiyo.

Najua pingamizi litakalotoka kwa walimu wetu: umaarufu si ubora, na santuri 72,000 hazithibitishi ushairi. Ni kweli, idadi haithibitishi kitu. Lakini angalia kilichobaki. Siti alifariki 1950. Wanahabari wanawake wa TAMWA walipoanzisha jarida lao miaka ya 1980 waliliita "Sauti ya Siti". Walipotafuta jina la mwanamke anayesema hadharani, walimpata yule aliyesemwa kuwa hana ukoo. Nadhani huo ni mzani mzito kuliko hesabu ya mauzo.

Tunarudi Sudi

Sasa turudi kwa wale vijana wawili. "Ni kopi" na "ni wa kwetu" zinaonekana hoja nyepesi. Lakini anayetoka kusini anajua jinsi neno "Mmakonde" linavyotupwa mjini kama mzaha. Mimi mwenyewe nimecheka pamoja na waliokuwa wakinicheka, bwenini, ili yaishe. Kijana anayesikia "Konde" likitamkwa na umati kama jina la sifa ana sababu ya kuwaka. Jina lililokuwa tusi limegeuka nishani, kama "Mtumwa" alivyokuwa "Siti".

Hata hivyo "wa kwetu" peke yake haitoshi. Ikibaki hapo, inakuwa ile ile hoja ya waliomkataa Siti, ila imegeuzwa nje ndani: wao walimkataa kwa asili, sisi tunamkubali kwa asili. Ndiyo maana swali la mzee halijaniachia. Anaimba nini? Wazee wa Ng'ambo walikuwa na jibu, na walilishika kwa zaidi ya nusu karne. Wale vijana hawakuwa nalo siku ile, wala mimi sikuwa nalo, pamoja na miaka yangu ya kusoma nadharia. Nikirudi Sudi nitakaa pale pale barazani, nimwombe kila mmoja anitajie wimbo mmoja na kisa kilichomfanya aupende. Wakishindwa, tutakuwa tumeshindwa sote.