Shelisheli na Ndege Zake: Hoja ya Safari Fupi

Kabla ya uwanja wa ndege wa Pointe Larue kufunguliwa kisiwani Mahé mwanzoni mwa miaka ya 1970, msafiri wa Shelisheli alipanda meli Mombasa au Bombay. Uwanja ulileta watalii, na pamoja nao swali ambalo serikali za visiwa hivyo zimelijibu kwa namna mbalimbali: taifa la watu wapatao 100,000 linahitaji shirika lake la ndege kwa kazi gani? Makala haya yanadai kwamba uhalali wa Air Seychelles uko katika safari ya dakika 15 kati ya Mahé na kisiwa cha Praslin, na kwamba kila lilipoitafuta hadhi yake Ulaya lilidhoofika.

Shirika hili lilizaliwa mwaka 1977 kutokana na kampuni ndogo za safari za visiwani, na mwaka uliofuata likawa mali ya serikali. Mwaka 1983 likaanza kuruka hadi Ulaya. Hoja ya wakati ule ilikuwa na mashiko: nchi inayoishi kwa utalii isiuachie mlango wake mikononi mwa mashirika ya kigeni, ambayo huweza kuondoka wakati wowote. Siku hizi mlango huo una wabisha hodi wengi. Emirates, Qatar Airways na Ethiopian Airlines hutua Mahé, na kila moja hukusanya abiria wa miji kadhaa katika kituo chake kikuu. Ndege itokayo Mahé moja kwa moja hadi Paris haina hazina hiyo.

Ubia na Etihad ulionekana kuwa dawa. Mwaka 2012 shirika hilo la Abu Dhabi lilinunua asilimia 40 ya hisa. Kuanzia mwaka 2015, Air Seychelles likaingizwa katika mkopo wa hati fungani pamoja na washirika wengine wa Etihad, wakiwemo Alitalia, Air Berlin na Jet Airways. Air Berlin liliacha kuruka mwaka 2017, Jet Airways mwaka 2019. Shirika la visiwa vidogo likajikuta katika kapu moja na majitu yaliyoanguka. Safari za Paris zilisitishwa mwaka 2018. Mwaka 2021 serikali ilizirudisha hisa za Etihad mikononi mwake, na shirika likawekwa chini ya usimamizi maalumu wa kisheria ili linusurike kufilisiwa.

Muda wote huo, ndege ndogo aina ya Twin Otter za abiria 19 ziliendelea kwenda Praslin na kurudi. Atasema mtu kwamba boti ipo, na huchukua takribani saa moja. Ni kweli, ila kusi inapovuma bahari huchafuka, na mgonjwa anayepelekwa hospitali kuu ya Victoria, kisiwani Mahé, hawezi kungoja itulie. Huduma hiyo hakuna shirika la Ghuba litakaloitoa. Ikihitaji ruzuku, ruzuku hiyo ni halali kama ile ya barabara.

Kwa hiyo serikali ya Shelisheli ichapishe hesabu za safari za visiwani peke yake, mbali na za kimataifa. Raia wa Praslin wana haki ya kujua kodi yao inagharimia safari ipi.