Salamu kwa Mkono Wetu Wenyewe



Wapendwa wanaparokia, kila Majilio yanapokaribia husikika swali lile lile: kuna haja gani ya kumkalisha mtoto na karatasi ya manila, mkasi na gundi ili amtengenezee babu yake kadi ya Noeli, ilhali ujumbe wa simu hufika kabla gundi haijakauka? Swali ni la haki. Juma hili tungependa kulijibu kwa njia ya historia.

Kadi ya Noeli inayohesabiwa kuwa ya kwanza kuchapwa kwa ajili ya kuuzwa ilitoka London mwaka 1843. Henry Cole, mtumishi wa serikali, alikuwa na barua nyingi za kujibu na muda mchache. Tangu mwaka 1840 posta ya Uingereza ilikuwa imeshusha gharama ya barua hadi peni moja, nazo barua zikaongezeka. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi. Zikachapwa nakala zipatazo 1,000 na kutiwa rangi kwa mkono. Katikati ilionekana familia mezani, na pembeni watu wakiwalisha wenye njaa na kuwavika walio uchi. Lakini iliachwa nafasi tupu ya jina la mpelekewa na la mtumaji. Mashine iliweza kuchapa heri. Jina la ndugu ilimbidi mtu aliandike mwenyewe.

Basi, kadi ya dukani ilizaliwa ili kuokoa muda. Kadi ya kutengenezwa kwa mkono huenda kinyume chake: aitengenezaye humpa mwenziwe muda wake.

Mwaka huo huo wa 1843, huko Ufaransa, Askofu Charles de Forbin-Janson alianzisha Shirika la Utoto Mtakatifu, ili watoto wawasaidie watoto. Miaka mia moja na kitu baadaye, Ulaya ikiwa imeharibiwa na vita, UNICEF iliwasaidia watoto wa Chekoslovakia. Msichana wa miaka saba, Jitka Samkova, alichora picha ya watoto wakicheza ili kutoa shukrani. Karatasi haikuwapo, akachora juu ya kipande cha kioo. Mwaka 1949 picha hiyo ikawa kadi ya kwanza ya UNICEF. Uhaba wa vifaa haukumzuia mtoto yule kusema asante.

Nasi watu wa Songea twaijua njaa ya salamu. Wakati wa ukoloni vijana wengi wa huku waliacha nyumba zao kwenda kazi ya manamba katika mashamba ya mkonge, hasa kule Tanga. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kama SILABU. Mzazi aliyebaki kijijini alingoja neno kutoka safari ya siku nyingi, na asiyejua kuandika alimwomba mwenzake amwandikie. Baada ya uhuru ikawa zamu ya redio: wasikilizaji walinunua kadi za salamu, wakajaza majina ya jamaa zao, wakazituma kwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na mtangazaji akayasoma jina baada ya jina. Watu walitega sikio ili wasikie tu kwamba wametajwa.

Mtume Paulo naye alilijua hilo. Barua kwa Warumi iliandikwa kwa mkono wa Tertio (Rum 16:22). Lakini mwishoni mwa barua ya kwanza kwa Wakorintho, Paulo alishika kalamu mwenyewe ili aandike salamu (1Kor 16:21), na Wagalatia aliwaonyesha jinsi herufi zake zilivyo kubwa (Gal 6:11). Kumbe hata hati isiyo nzuri yaweza kuwa alama ya upendo.

Siku hizi ujumbe mmoja hutumwa kwa watu hamsini bila jina la hata mmoja, na simu ikiharibika salamu zote hupotea nayo. Hatuidharau simu; imetuunganisha na wengi. Lakini wapo wazee wetu wasio na simu, na wasiojua kusoma. Bibi wa namna hiyo, mjukuu akimchorea nyumba, mgomba na kuku, ataisoma kadi yote bila msaada wa mtu, kisha ataihifadhi ndani ya kitabu chake cha sala.

Kwa hiyo, wazazi wapendwa, tuwaache watoto wachafue meza. Karatasi ya daftari yatosha, na gome kavu la mgomba hupamba vizuri. Ndugu asiye na sanduku la posta apelekewe kadi na msafiri wa basi. Na kabla ya kufunga bahasha, kila mmoja ajiulize: ni nani katika ukoo wetu ambaye mwaka huu hajatajwa na mtu yeyote? Tuanze na huyo.

Mungu awabariki.