Mihuri Miwili ya Shule ya Wauguzi: Historia Fupi Kutoka Marekani

Katika miaka hii ya karibuni Wakongo wengi, hasa wa mashariki, wamehamia Marekani wakiwa wakimbizi. Karibu kila parokia yetu ina watu wenye ndugu huko. Miongoni mwa vijana wao wako wanaotafuta shule ya uuguzi, nao huwaandikia wazazi na kuwaomba shauri. Swali la kwanza huwa bei. Swali la pili huwa muda. Swali linalopasa kuyatangulia hayo mawili mara nyingi huja mwisho: shule hii inatambuliwa na nani? Watu wa Marekani wenyewe walihitaji muda mrefu kujifunza kuliuliza swali hilo. Tutazame walivyojifunza.

1. Shule za kwanza

Zamani mtu alijifunza uuguzi kwa kuutenda tu. Masista walifundishana wao kwa wao katika hospitali zao. Mahali pengi pengine kazi hiyo ilifanywa na watu ambao hawakufundishwa lolote. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya 1861 hadi 1865 iliwafumbua macho Wamarekani. Basi mwaka 1873 zikafunguliwa shule tatu kwa kufuata mfano wa Florence Nightingale wa Uingereza: ya hospitali ya Bellevue katika mji wa New York, ya New Haven, na ya Boston. Mwaka ule ule Linda Richards alipata diploma yake katika hospitali nyingine ya Boston, naye anahesabiwa kuwa muuguzi wa kwanza wa Marekani aliyefundishwa shuleni. Mwaka 1879 Mary Eliza Mahoney alimaliza masomo katika shule hiyo hiyo ya Linda Richards. Yeye alikuwa wa kwanza miongoni mwa watu weusi wa inchi ile. Masomo yake yalidumu miezi 16.

Kisha wakubwa wa hospitali wakagundua jambo moja: mwanafunzi hufanya kazi ya muuguzi, lakini hadai mshahara wa muuguzi. Ndiyo maana shule ziliongezeka kama uyoga baada ya mvua. Mwaka 1880 zilikuwa 15 tu. Mwaka 1900 zilikuwa zimepita 400. Nyingine zilikuwa shule kweli, zenye walimu na mpango wa masomo. Nyingine zilikuwa shule kwa jina tu: msichana alifua, alipangusa sakafu, alikesha na wagonjwa, na mwisho wa miaka yake akapewa karatasi. Karatasi ya shule ya kweli na ya shule ya jina zilifanana. Mgonjwa aliyelala kitandani angewezaje kuzipambanua?

2. Muhuri wa kwanza: ruhusa ya jimbo

Hapa tuelewane juu ya neno moja. Jimbo tunalolitaja si jimbo la Askofu. Marekani ni muungano wa majimbo ya serikali, leo 50, na kila jimbo lina sheria zake. Si serikali kuu inayompa mganga au muuguzi ruhusa ya kazi. Ni jimbo lake. Kwa hiyo wauguzi walipotaka sheria ya kulinda kazi yao, walilazimika kubisha hodi jimbo kwa jimbo.

Mlango wa kwanza ulifunguka North Carolina mwezi wa Machi 1903. Mwaka huo huo New Jersey, New York na Virginia zikafuata. Mwaka 1923 majimbo yote 48 ya wakati ule yalikuwa na sheria ya namna hiyo. Kila jimbo likaweka baraza la kuandikisha wauguzi, kuwatahini na kukagua shule. Jimbo la New York lilimweka Anna Alline kuwa mkaguzi wa shule hizo mwaka 1906.

Walakini sheria zile za kwanza zilikuwa na tundu kubwa. Zilikataza mtu asiyeandikishwa kujiita muuguzi aliyeandikishwa, hazikumkataza kuuguza. Aliyekataliwa na baraza aliweza bado kwenda kazini kesho yake, mradi asijipe cheo kile. New York ndiyo iliyotangulia kuliziba tundu hilo kwa sheria ya 1938, ingawa vita vilichelewesha kutimizwa kwake. Majimbo mengine yalifuata polepole.

3. Muhuri wa pili: ithibati ya vyama

Baraza la jimbo huuliza: je, shule hii inatimiza kile kipimo cha chini kinachotakiwa na sheria? Hilo ni swali la lazima, lakini halitoshi. Kuna jingine: je, shule hii inafundisha vizuri? Swali hilo la pili lilianza kuulizwa na walimu wenyewe. Mwaka 1893 wakubwa wa shule za wauguzi walikutana Chicago, wakaanzisha chama ili shule zote zifuate kipimo kimoja. Mwaka 1923 ikatoka taarifa kubwa iliyotayarishwa na Josephine Goldmark. Ilionyesha wazi kwamba katika hospitali nyingi mahitaji ya wodi yalipewa nafasi ya kwanza, na mafundisho yakapata makombo. Mwaka ule ule chuo kikuu cha Yale kilifungua shule ya uuguzi yenye fedha zake na mkuu wake, Annie Goodrich, isiyokuwa chini ya hospitali.

Tangu 1939 chama cha walimu wale kilianza kazi ya kutoa ithibati: wajumbe huitembelea shule, husoma mpango wake, huwauliza walimu na wanafunzi, kisha hutoa hukumu. Orodha ya kwanza ya shule zilizothibitishwa ilitoka mwaka 1941. Leo vyama vinavyojulikana kwa kazi hiyo ni vitatu: ACEN, CCNE na NLN CNEA. CCNE hushughulika na digrii ya miaka minne na zile za juu yake. Vingine viwili hukagua shule za ngazi zote.

Sasa angalia tofauti ya mihuri hii. Pasipo ruhusa ya jimbo, mwanafunzi kwa kawaida hawezi hata kuketi kwenye mtihani wa leseni. Pasipo ithibati ya chama, katika majimbo mengi anaweza kufanya mtihani na kupata leseni. Lakini baadaye hukuta milango imefungwa: vyuo vikuu vingi havimpokei kwa digrii ya juu, na hospitali za serikali kuu za wanajeshi wastaafu hudai shule yenye ithibati. Mtu amelipa, amesoma, amefaulu, na bado anaambiwa arudi nyuma.

4. Njia tatu na mtihani mmoja

Shule ya hospitali yenye diploma ya miaka mitatu ndiyo njia ya zamani, na leo imebaki chache. Digrii ya chuo kikuu ya miaka minne ndiyo njia ndefu. Kati yake kuna digrii fupi ya miaka miwili, iliyobuniwa na Mildred Montag na kujaribiwa kuanzia 1952. Njia zote tatu huishia kwenye mtihani mmoja wa leseni. Mtihani wa pamoja wa majimbo ulianza 1944. Tangu 1982 jina lake ni NCLEX.

Je, njia ipi ni bora? Wamarekani wenyewe hawajaacha kubishana. North Dakota ilidai digrii ya miaka minne tangu 1987, kisha ikaacha sharti hilo mwaka 2003. New York, kwa sheria ya 2017, huwaruhusu wauguzi wapya kuanza kazi na digrii fupi, lakini huwataka wapate ile ya miaka minne kabla ya miaka 10 kupita. Kwa hiyo shauri lililo jema kwa binamu anayekaa Texas si lazima liwe jema kwa dada anayekaa New York.

5. Karatasi bila mikono

Mwezi wa Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza mashtaka juu ya watu 25. Ilisema kwamba shule tatu za Florida zilikuwa zimeuza diploma za uongo zaidi ya 7,600. Wanunuzi walilipa kadiri ya dola 10,000 hadi 15,000 kila mmoja. Jambo la kutisha ni hili: wapata 2,400 kati yao walifaulu mtihani wa leseni, na wengi wakaingia hospitalini kufanya kazi.

Mtu aweza kusema: kama walifaulu, kosa liko wapi? Kosa ni kwamba mtihani hupima yale aliyo nayo mtu kichwani. Mikono hufundishwa kando ya kitanda, saa kwa saa, mbele ya mwalimu anayesahihisha. Yeye humwonyesha mwanafunzi dalili ndogo ya mgonjwa anayezidiwa kabla hajazidiwa. Mtihani haukuwekwa uchukue nafasi ya shule, uliwekwa uikamilishe. Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Shule inayokufuata kwa matangazo na kukuahidi diploma upesi, iangalie mara mbili.

6. Maswali ya kuuliza

Basi, anayewaandikia ndugu Marekani awaambie waulize hivi kabla ya kulipa hata dola moja. Kwanza: je, jina la shule limo katika orodha ya baraza la wauguzi la jimbo letu? Wasitosheke na maneno ya shule. Watazame orodha ya baraza lenyewe. Pili: je, ina ithibati ya kimoja cha vyama vile vitatu, na ithibati hiyo ni ya mpango wa uuguzi wenyewe, si ya chuo kwa jumla tu? Tatu: kati ya wanafunzi wake 100, wangapi hufaulu mtihani mara ya kwanza? Mabaraza mengi hutangaza hesabu hizo. Nne: mazoezi ya wodini yatafanywa hospitali gani, na nani ameyapanga? Tano: kama masomo ni kwa intaneti kutoka jimbo jingine, je, jimbo letu litayakubali? Sita: je, masomo haya yatahesabiwa nikitaka kuendelea na digrii ya juu?

Maswali haya hayakutoka vitabuni tu. Yalitokana na wasichana waliochoshwa bila kufundishwa, na wagonjwa waliouguzwa na wasiojua. Zaidi ya miaka 100 imepita tangu sheria ya North Carolina, na bado mwaka 2023 walipatikana watu wa kuuza karatasi na watu wa kuzinunua. Anayechagua shule hajichagulii yeye peke yake. Anamchagulia pia mgonjwa ambaye siku moja, usiku wa manane, atabonyeza kengele na kumngoja.