Maua ya Oktoba Chunya

Chunya mwezi wa Oktoba ni vumbi tupu. Mvua imekatika tangu Aprili, visima vimeshuka, na upepo wa mchana unaingiza mchanga hadi kwenye masufuria yaliyofunikwa. Wakati huohuo ndipo maua yetu yanapochanua. Mgeni aliyetoka Mbeya, akapanda mlima na kupita baridi ya Kawetire na misonobari yake, akishateremka huku hushangaa: mijakaranda imepukutisha majani na kujaa zambarau, bogenvilia zimelalia uzio, na mikrismasi imeanza kutoa vitumba vitakavyowaka wekundu kuelekea Desemba. Wanawake wa mtaani kwangu tukikutana dukani, salamu zikiisha, swali ni moja: kwako kumechanua nini? Usiku huohuo unasikia hodi, mtu kaja kuomba kijiti.

Karibu yote tunayojivunia hayakuwapo hapa miaka 110 iliyopita. Mjakaranda asili yake ni Amerika Kusini. Mkrismasi ni wa Madagaska. Wenceslas Bojer, mtaalamu wa mimea aliyekuwa akiishi Morisi, ndiye aliyeutambulisha kwa wataalamu wenzake wa Ulaya katika miaka ya 1820. Bogenvilia ni ya Brazili. Philibert Commerson aliichukua Rio de Janeiro mwaka 1767, akiwa katika msafara wa meli za Louis Antoine de Bougainville. Commerson alikuwa na msaidizi, Jeanne Baret, mwanamke aliyepanda meli kwa kuvaa kiume, akabeba mizigo na kukusanya mimea pamoja naye. Ua lilipewa jina la mkuu wa msafara. Hilo halinishangazi hata kidogo, kwa sababu najua ilivyokuwa hapa kwetu.

Kilicholeta maua Chunya ni dhahabu. Ilionekana kwenye vijito vya Lupa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na Mbeya yenyewe ilianzishwa mwaka 1927 kwa ajili ya kuuhudumia uwanja huu wa dhahabu. Kisha bei ikapanda: mwaka 1934 Marekani iliitoa wakia moja kutoka dola 20.67 hadi dola 35, na waliokuwa wamefilisika kwingine wakakumbuka kwamba kuna mahali panaitwa Lupa. Wazungu walikuja na mahema, Wahindi wakafungua maduka, na vijana wa Kinyakyusa, Kisafwa, Kikimbu na Kinyamwezi wakaja kuchimba kwa ujira. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia dhahabu ilikuwa imeshakuwa miongoni mwa bidhaa kubwa za Tanganyika zinazouzwa nje, nyuma ya mkonge.

Mtu wa hema hapandi waridi. Anachekecha mchanga, mfereji ukikauka anahama. Bustani zilikuja na migodi ya miamba, iliyohitaji mitambo, wahandisi, na nyumba zenye baraza. Mkubwa kuliko yote huku kwetu ulikuwa New Saza, uliofanya kazi kuanzia 1939 hadi 1956. Hapo ndipo marehemu baba yangu alipoajiriwa kuwa shamba boi wa mhandisi mmoja.

Kazi ya shamba boi watu wengi wanaidhania kuwa ni kufyeka nyasi. Baba alituambia kazi yenyewe ilikuwa maji. Chunya maji yamekuwa shida tangu zamani, na mgodi ulikuwa wa kwanza kuyataka. Mawaridi ya mke wa mhandisi yalimwagiwa maji yaliyokwisha kuogewa, nayo yaliachwa yapoe na povu litulie kwanza. Asubuhi ilikuwa marufuku kumwagilia jua likishapanda. Jioni alianza na vilivyo dhaifu, akamaliza na bogenvilia, ambayo ukiizidishia maji inatoa majani bila maua. Hilo hakufundishwa na tajiri yake. Aliliona mwenyewe kwenye pembe moja ya ua ambako ndoo haikufika, na bogenvilia ya pembe ile ikawa ndiyo inayosifiwa na wageni.

Nyumba za mgodi zilikuwa na ua wa maua. Kota za wafanyakazi zilikuwa na vumbi. Maua yalivukaje? Kwa mikono ya watu kama baba. Matawi yaliyopogolewa yalikuwa takataka, na aliyepaswa kuyatupa ndiye aliyeyafunga kwenye kitambaa kibichi akaenda nayo nyumbani. Mama akayachomeka kwenye makopo ya maziwa ya unga. Kufikia mgodi unafungwa, nyumba kadhaa za udongo zilikuwa zimezungukwa na bogenvilia, na wahandisi walipofungasha mizigo yao hawakung'oa kitu. Vitabu vinavyosimulia Lupa vinahesabu wakia. Sijaona kinachowataja mashamba boi, ingawa migodi ile imebaki mashimo na maua yao bado tunayakata vijiti.

Namna ya kuyakata haijabadilika sana. Bogenvilia inataka tawi lililokomaa, nene kama penseli, si lile laini la kijani. Kata mshazari chini kidogo ya kifundo, ondoa majani ya chini, liache kivulini utomvu ukauke. Kopo litobolewe chini kwa msumari. Mchanga uwe wa mto, uchanganywe na samadi kuukuu. Usichukue mchanga wa marudio kwenye makarasha, hata kama upo mlangoni kwako na ni wa bure: umepita kwenye zebaki. Watu wa Makongolosi na Matundasi wanalijua hili. Bado kila mwaka yupo mmoja anayenilalamikia kwamba kijiti nilichompa kimeoza.

Lakini ukitaka ua la kweli la Oktoba, toka mjini. Pita mashimo, uingie miombo. Hapo mitundu inatoa majani mapya yenye rangi ya shaba kabla tone la mvua halijaanguka, na vimaua vyake vidogo huvioni mpaka usikie nyuki juu yako. Mninga unachanua manjano ukiwa karibu hauna jani, harufu yake inafika barabarani. Huko watu walikuwa na bustani yao muda mrefu kabla ya Lupa kupata umaarufu: walitundika mizinga ya magome ya mtundu na miombo mingine, na majira ya nyuki waliyajua kwa kutazama mti upi umechanua. Asali ya Chunya mpaka leo inasafirishwa mbali. Kwangu mimi hiyo ndiyo bustani kubwa, na ndiyo tunayoikata. Migodi ilitaka magogo ya kushikilia mashimo, tumbaku inataka kuni za kukaushia, mji unataka mkaa, na mninga unatakiwa na kila fundi seremala. Tumbaku yenyewe, nikumbushe, ina ua zuri la waridi ambalo mkulima hulikata mapema ili nguvu ibaki kwenye majani.

Baba hakuwahi kupanda mninga uani. Aliuona ni mti wa porini, haupandwi. Mimi nimejaribu, na nawaambia wenzangu ukweli: si kazi ya mwenye haraka. Kokwa lake la duara lenye ubawa mkavu na miiba katikati ni gumu kulipasua. Mche ukiota, kiangazi kikija shina linakauka kabisa, ukadhani umekufa. Mvua zikirudi unachipua tena, na hufanya hivyo miaka kadhaa huku mzizi ukijijenga chini, kabla haujaamua kusimama. Wengi huung'oa kiangazi cha kwanza.

Mvua zetu huanza kuelekea mwishoni mwa Novemba. Kwa hiyo anayetaka bogenvilia, ile nyekundu ya Saza au nyeupe niliyopewa Mkwajuni, aje kabla ya hapo na kopo lake. Kijiti ni bure, kwa sharti moja: utaondoka na makokwa ya mninga pia, na kiangazi cha mwakani, ukiuona umekauka, usiung'oe.