Kishindo cha Ngoma: Historia ya Dhana na Haja ya Istilahi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi dhana ya kishindo ilivyojengeka katika ngoma za Usukumani, tangu Shinyanga hadi Geita, ili tuone istilahi zinazoifaa kazi ya siku hizi ya kupanga na kuchanganya muziki wa dansi kwa kompyuta.

Mfasiri wa miongozo ya kazi hiyo hukutana mapema na neno la Kiingereza lenye maana ya nguvu ambayo muziki humpiga nayo msikilizaji. Akiandika "ukubwa wa sauti" atakuwa amepotosha, maana mwanafunzi ataongeza sauti tu, na matokeo yake ni spika kukoroma na masikio kuumia.

Usukumani tofauti hiyo ilijulikana kabla ya umeme. Tangu karne ya 19 wachezaji wamegawanyika katika vyama viwili, Bagika na Bagalu, ambavyo masimulizi yanasema vilianzishwa na Ngika na Gumha. Baada ya mavuno vyama hivyo hushindana. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na mshindi ni lile lililovuta watazamaji wengi zaidi. Desturi hii huonekana pia katika sikukuu ya Bulabo huko Bujora, karibu na Mwanza, yaliko Makumbusho ya Wasukuma.

Katika mashindano ya namna hiyo, kundi linalopiga kwa nguvu zote tangu mwanzo halibakiwi na cha kuongeza watazamaji wanapoanza kuhama. Kiongozi wa ngoma, ambaye kwa Kisukuma huitwa ningi, hana budi kupanga: lini wimbo usikike peke yake, lini ngoma ziingie, lini wachezaji waoneshe mchezo wao mkubwa. Katika bugobogobo, iliyotokana na vikundi vya kulima kwa ushirika, mchezo huo ni kurusha na kuzungusha majembe kwa kufuata ngoma.

Vyombo vilibadilika baadaye. Mwaka 1980 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashine ya midundo iitwayo TR-808, na vyombo vya aina hiyo vikawa msingi wa muziki wa dansi wa Chicago. Dar es Salaam ikazaa singeli, ambayo mara nyingi hupita midundo 200 kwa dakika. Mwaka 2017 mkusanyo uitwao Sounds of Sisso uliitangaza ng'ambo. Usukumani nako waimbaji wa nyimbo za asili wakaanza kurekodi kwa vinanda vya elektroniki.

Hata hivyo kanuni ni ile ile. Mpangaji huondoa mdundo mzito kwa muda mfupi, kisha huurudisha. Kishindo huzaliwa na tofauti hiyo. Mchanganyaji naye hujua kwamba ngoma nzito na besi hugombea sehemu moja ya chini ya sauti, hivyo hupunguza moja ili nyingine isikike wazi. Aidha, hujihadhari asibane sauti zote zikalingana, kwani hapo tofauti hupotea na kishindo nacho.

Kwa sababu hizo tunapendekeza *kishindo* kwa nguvu hiyo, *kituo* kwa ukimya unaoitangulia, *mpangilio* kwa mfuatano wa sehemu, na *mchanganyo* kwa uwiano wa sauti. Huenda wengine wakasema kwamba kishindo ni makelele tu. Lakini tunaposema mtu ameingia mjini kwa kishindo, hatusemi kwamba amepiga kelele; twasema kuja kwake kumewagusa watu.

Kuhusu *prodyuza*, neno hilo limekwisha kuota mizizi miongoni mwa vijana, nasi hatuoni faida ya kuling'oa.

Tunawaomba walimu na maofisa utamaduni wa Shinyanga, Kahama na Geita watuletee maneno yanayotumika katika studio za huko, ili mapendekezo haya yapimwe na wenye kazi kabla ya kusanifiwa.